Wasafiri Waliochelewa

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, maana wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa sifa, palijengwa jumba la sanamu za kisasa ufukweni, pale pale palipokuwa na gati. Gati lilivunjwa kwa sababu watu walikuwa wakienda kusimama pale na kutazama maji bila shughuli maalumu, na Serikali ya nchi hiyo haina raha na mwananchi asiye na shughuli maalumu.

Siku ya ufunguzi, Waziri wa Utamaduni, Bahari na Uelewa alipanda jukwaani akiwa na hotuba ya kurasa arobaini. Nitatoa kipande tu.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi zilizoendelea zina majumba yaliyojaa vitu visivyoeleweka. Sisi tumekuwa na mambo yasiyoeleweka kwa muda mrefu sana, tena mengi kuwashinda, lakini hayakuwa na jengo. Leo yamepata jengo!"

Watu walipiga makofi. Walioacha mapema waliandikwa majina, nao wakaanza upya.

Katika kona ya umati ule hakuwepo Bi Siwema, mshonaji wa sare za shule, wala mumewe Mzee Machano, mwandishi wa mabango. Wao walikuwa nyumbani. Walikuwa na mtoto mmoja, Raya, ambaye kwa mujibu wa nyaraka za Serikali alikuwa amechelewa.

Kuchelewa huko kulianza hivi. Miaka mitatu nyuma, nchi hiyo ilinunua kivuko kipya cha kuvusha watu kwenda ng'ambo, wakakiita Kivuko cha Maendeleo. Kilipangwa kuzinduliwa na Mkuu wa Nchi mwenyewe. Lakini kabla ya uzinduzi kikaanza safari za majaribio, na kwa kuwa jaribio lisilo na watu si jaribio, watu wakapakiwa. Siku tisa kabla ya sherehe, asubuhi kweupe, kikiwa na watu mia nne na kumi na wawili mahali pa watu mia na hamsini, kikalala ubavu na kuzama.

Tume ikaundwa. Ilikaa miezi saba katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ili wajumbe wasisahau kwamba suala lenyewe ni la maji. Mwishowe ikatoa matokeo: kuzama ni hatua inayokuja baada ya kuzinduliwa, kivuko kile hakikuwa kimezinduliwa, kwa hiyo hakikuzama. Na kwa kuwa hakuna kivuko kilichozama, hakuna aliyekufa ndani yake. Hata hivyo, tume ilikiri kwa masikitiko kwamba abiria hawakufika walikokuwa wakienda. Ikapendekeza waitwe wasafiri waliochelewa.

Barua zikasambazwa. Iliyofika kwa Bi Siwema ilisema: "Tunapenda kukuarifu kuwa Raya Machano amechelewa. Serikali inaendelea kufuatilia. Tafadhali usiwe na haraka."

Raya alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anakwenda kuanza chuo cha ualimu.

Bi Siwema alijua tangu siku ile ile. Alipoona watu wanarudi kutoka ufukweni wameshika viatu mikononi na hawasemi, alijua. Alilia kwenye chumba cha kushonea huku cherehani ikizunguka bila kitambaa, ili sauti yake isisikike nje.

Mumewe alikuwa mtu wa namna nyingine. Tangu ujana wake Machano alikuwa akiandika mabango ya watu: vinyozi, mahoteli ya chai, zahanati, vyama vya mpira. Kwake yeye neno likishaandikwa, tena kwa wino na mhuri, limeshakuwa. Aliisoma barua ile mara tatu, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo.

Ndugu zake walipokuja na mikeka na misahafu kufanya khitma, yaani kumsomea marehemu Kurani na kumwombea, aliwapokea vizuri, akawapa chai, kisha akawauliza, "Mnataka kumsomea khitma mtu aliye njiani?"

"Machano," kaka yake alisema, "miezi imepita."

"Ndiyo. Amechelewa."

Wakabeba mikeka yao. Walirudi mwaka wa pili, wakapewa chai ile ile na jibu lile lile. Mwaka wa tatu hawakurudi. Siwema alibaki na msiba usio na matanga, usio na dua, hata usio na jina. Alikuwa akishona sare za watoto wa watu, vidole vikijua kazi na moyo ukiwa mbali. Mumewe alipomwambia jioni, "Mama Raya, akija atakuta tumepaka ukuta rangi mpya," alijibu, "Ndiyo, Baba Raya," kisha akaingia chumbani kuzungusha cherehani.

Siku moja Mwalimu Tunu wa shule ya msingi alikuja kuchukua sare za wanafunzi wake. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko sare zilivyohitaji.

"Bi Siwema," alisema mwisho, "juzi tuliwapeleka watoto kwenye lile jumba la sanamu. Kuna kitu nimekiona kule. Sijui kama nafanya vizuri kukwambia."

"Sema, mwanangu."

"Kuna tranka. Lina jina."

Siwema aliweka mkasi chini. Hakuuliza jina gani.

Tranka lile alilijua. Ni la bati, la bluu, Machano alilipaka mwenyewe wiki moja kabla ya safari, akaandika jina la mtoto wake ubavuni kwa rangi nyeupe ya mafuta, kwa madaha yote aliyokuwa nayo. Usiku na mchana Siwema akawaza. Asipomwonyesha mumewe, mzee yule atangoja mpaka naye azikwe. Akimwonyesha, pengine atamvunja. Alifikiri siku nne. Siku ya tano akamwambia, "Baba Raya, leo wanasema kuingia kule ni bure. Twende tukanyooshe miguu."

"Kuona nini?"

"Sanamu."

"Haya," alisema Machano, akatafuta kofia yake. Alikuwa mtu mwepesi wa kukubali.

Getini walipewa fomu. Swali la kwanza liliuliza: Je, unakuja (a) kuelewa, (b) kutoelewa, au (c) kumsindikiza anayeelewa? Machano, kwa uaminifu wake, alichagua (b). Siwema alichagua (c).

Karani akazirudisha. "Mama, huyu uliye naye haelewi. Huwezi kumsindikiza anayeelewa kama aliyepo haelewi. Utakuwa umemsindikiza nani?"

"Basi niandike vyovyote."

"Vyovyote haimo." Karani akamwekea alama ya (b), akawabandika wote wawili kifuani karatasi ya manjano iliyoandikwa HAELEWI, akawaitia mwongozaji.

Mwongozaji alikuwa mzee mwembamba jina lake Shomari, suti yake ya Serikali ikimpwaya mabegani. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichobandikwa kwenye paji la uso wa msikilizaji.

"Karibuni. Mtaona kazi kumi na saba. Hamruhusiwi kugusa, kukaa, kuegemea, wala kulia. Anayetaka kulia aombe, ataonyeshwa chumba."

Wakaanza. Kazi ya kwanza iliitwa Uwazi: jabali jeusi, refu kuliko nyumba, lisilo na tundu hata moja. Ya pili, Ajira kwa Vijana, ilikuwa viti mia mbili vilivyochomelewa pamoja miguu juu. Ya tatu, Uhuru wa Kusema, ilikuwa mdomo mkubwa wa shaba uliofunikwa turubai.

"Huu nao umefanywa nini?" aliuliza Machano.

"Uko kwenye ukarabati tangu siku ya ufunguzi," alijibu Shomari.

Madirisha yote ya upande wa bahari yalikuwa yamezibwa kwa picha kubwa ya bahari. Shomari alieleza kwamba bahari yenyewe ilionekana kuyumba mno, ikawavuruga wageni wa heshima. Hii ya kwenye picha ilichaguliwa na kamati. Nyuma ya picha, ukitega sikio, ulisikia mawimbi ya kweli yakipiga ukuta.

Machano hakusumbuliwa na sanamu. Yeye alikuwa akisoma vibao. "Herufi zimebanana," alimnong'oneza mkewe. "Tazama ile S, imelewa. Wangeniita mimi." Alikuwa amefurahi kidogo, na furaha ile ilimchoma Siwema. Mara mbili alitaka kumshika mkono, amwambie turudi nyumbani. Mara mbili akajizuia.

Wakaingia ukumbi wa mwisho.

Katikati ya sakafu nyeupe ilisimama omo ya meli, yaani ile sehemu ya mbele, imekatwa na kuinuliwa wima kama mtu anayetaka kupumua. Chuma kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Vitu vilivyokutwa ndani yake vilikuwa vimechomelewa humo humo: ndoo, baiskeli ya mtoto, mizani ya mwuza samaki, bakora.

Shomari alisimama mbali na sanamu ile, mgongo wake akiuelekeza huko. "Kazi ya kumi na saba," alisema. "Tafakuri Nambari Nne. Msanii ni Wizara. Malighafi ni chuma kilichookotwa. Kazi hii haihusiani na chombo chochote kilichozama, wala na kile ambacho hakikuzama."

Siwema aliliona tranka kabla ya mumewe. Lilikuwa upande wa kushoto, usawa wa kifua. Bluu yake ilikuwa imeliwa na kutu, lakini jina lilikuwepo. Alimtazama Machano akizunguka polepole, mikono nyuma, akitafuta kibao cha kukosoa.

Kisha Machano akasimama.

Alisogea. Akainamisha kichwa kama anavyofanya akikagua kazi kabla ya kumkabidhi mwenyewe. "Rangi haijatoka," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mama Raya, njoo uone. Niliipaka mara mbili. Uliniambia mara moja inatosha, nikakataa. Tazama."

"Nimeona, Baba Raya."

Alinyoosha kidole, akaifuata ile R, akashuka na mkia wake, akapanda kwenye A. King'ora kikalia. Hakuondoa kidole.

"Bwana," alimgeukia Shomari, "tranka limefika. Mwenyewe yuko wapi?"

Shomari alilamba midomo. "Msanii," alisema, "anatuachia swali hilo wazi."

Walinzi wanne walikuja mbio, wakawapeleka wazee wale kwa Mkurugenzi, Dokta Dokta Mwinyikai, ambaye aliitwa Dokta mara mbili kwa sababu cheti cha kwanza kilikosewa jina ikabidi apewe kingine, na cha kwanza hakikudaiwa.

"Mzee," alisema Mkurugenzi, "umegusa kazi ya taifa."

"Nimegusa tranka la mwanangu."

"Hapana. Lilikuwa tranka. Sasa ni swali."

"Swali gani?"

"Ndilo hilo hilo!" alisema Mkurugenzi kwa furaha, kwa kuwa alidhani hatimaye wanaelewana. "Na unadai maandishi yale ni ya mkono wako?"

"Mtu yeyote mjini anaujua mkono wangu."

Mkurugenzi akainuka, akazunguka meza, akampa Machano mkono kwa heshima. Alieleza kwamba jambo hilo linabadilisha kila kitu. Machano hakuwa mharibifu. Alikuwa msanii mshiriki. Msanii mshiriki ana haki ya kuja kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na kuigusa kazi yake kwa dakika tano, akiwa amevaa glavu.

Machano alifikiri. "Na baba je?"

"Baba vipi?"

"Baba wa mwenye tranka. Yeye ana haki gani?"

Mkurugenzi alifungua mtoto wa meza, akapekua, akafunga. "Fomu ya baba hatuna," alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika, kwa kuwa alipenda ofisi yake iwe na kila fomu. Akaleta ile aliyokuwa nayo, Fomu Namba Tisa, Tamko la Msanii Mshiriki. "Tia saini hapa. Unatamka kwamba maandishi yale ni ubunifu wako, na kwamba jina lililoandikwa si la mtu yeyote aliyewahi kuwepo. Na hapa juu andika jina la kazi, kwa ajili ya kibao."

Machano aliisoma fomu ile muda mrefu. Siwema aliyaona macho yake yakienda na kurudi kwenye mstari mmoja. Alimjua mume huyu miaka thelathini na minne, na hakuwahi kumwona akiona shida kusoma.

"Dakika tano," alisema Machano.

"Kila mwezi," alisema Mkurugenzi.

Mzee akachukua kalamu. Alikata tamko lote kwa mstari mmoja ulionyooka kama wa rula. Kisha pale juu, penye Jina la Kazi, akaandika bila haraka, kwa herufi kubwa zilizopishana sawasawa, na alipokuwa akiandika alitamka kila neno, kama alivyozoea asije akakosea.

"Raya. Binti yetu. Amekufa maji."

Siwema alikuwa amelingoja neno lile miaka mitatu. Alidhani akilisikia atapumua. Badala yake akamshika mumewe shati asianguke, na sauti iliyomtoka hapakuwa na cherehani ya kuifunika. Kumbe siku zote hizo, wakati yeye akijua, palikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa akimngoja Raya. Na yeye, bila kujiambia, alikuwa akijificha chini ya kungoja kule. Sasa hakuna anayengoja.

"Mama aombe chumba," alisema Mkurugenzi kwa upole, akagonga mhuri kwenye fomu bila kuisoma, kwa kuwa kusoma ilikuwa kazi ya idara nyingine.

Nje, kwenye ngazi, Shomari aliwafuata akitweta. Alikuwa amevua beji yake ameikunja kwenye kiganja.

"Shemeji," alimwambia Siwema, "mimi sikuwa mwongozaji. Nilikuwa mkata tikiti wa kivuko. Walituhamishia humu sote tuliobaki nchi kavu. Mwanao nilimkatia mimi."

Yeye akaendelea, akitazama viatu vyake.

"Tranka lilikuwa kubwa. Nikamwambia, binti, usizibe njia, hilo lipeleke mbele. Akacheka, akaniambia, babu, hili zito kuliko mimi, nishikie upande mmoja. Sikumshikia. Foleni ilikuwa ndefu, wakubwa wanasema pakia, pakia. Nimelikuta humu. Kila siku naligeuzia mgongo."

Siwema alimtazama mzee yule. Hasira alikuwa nayo, lakini kulikuwa na kitu kingine alichokihitaji zaidi, na hakujua kama atakutana tena na mtu anayeweza kumpa.

"Alicheka?" aliuliza.

"Alicheka."

"Alicheka vipi?"

Shomari alibabaika. Akatazama kulia na kushoto. Kisha, pale kwenye ngazi za jumba la taifa, mzee wa miaka sitini na kitu akajaribu kucheka kama msichana: akaanza juu, akashuka, akakwama, akaanza tena. Haikufanana. Lakini kale kamshtuko ka katikati, kale ka kuvuta pumzi, kalikuwa kenyewe. Siwema alifunga macho. Machano akamshika Shomari bega, akasema, "Basi, ndugu yangu. Basi."

Sasa ninyi mnaojua Serikali mtauliza fomu ile ilikwendaje. Ilikwenda kama fomu zote. Idara ya kusoma ilikuwa likizo, idara ya vibao ikapokea, na idara ya vibao huandika kilichoandikwa. Siku ya tatu kibao kipya kikabandikwa kwenye Tafakuri Nambari Nne: RAYA, BINTI YETU. AMEKUFA MAJI. Chini yake pakawa na nembo ya taifa.

Watu wakasikia. Wakaanza kuja, wawili, kumi, mia, wote wakiwa na karatasi za manjano vifuani. Mwanamke mmoja aliikuta baiskeli, mwingine mizani. Hawakupiga kelele. Walikaa sakafuni, kila mtu mbele ya chake, mpaka saa ya kufunga. Wizara ilitangaza redioni kwamba idadi ya wapenda sanaa imevunja rekodi, na Mkurugenzi akapandishwa cheo.

Siku ya kumi na moja mtu mmoja mkubwa alikuja kuona rekodi hiyo, akasoma kibao. Saa hiyo hiyo ukumbi ukafungwa kwa ukarabati. Omo ikapelekwa kuyeyushwa, tranka na vyote. Mkurugenzi akashushwa cheo mpaka chini ya kile alichoanzia, na mahali pa sanamu ile pakawekwa kontena la maua ya plastiki linaloitwa Mustakabali. Shomari alifukuzwa kazi kwa kosa la kuigeuzia sanamu uso badala ya mgongo.

Khitma ya Raya ilisomwa nyumbani, siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Kaka zake Machano walikuja na mikeka. Shomari alikaa karibu na mlango, akasoma kwa sauti ya chini, hakunywa chai. Mwalimu Tunu alisaidia jikoni. Machano alisoma mpaka mwisho bila kusita, akapokea mikono ya watu mmoja mmoja, na walipoondoka akajilaza mkekani, akalala pale pale, usingizi mzito kama wa mtu aliyetua mzigo. Siwema alimfunika kanga. Aliona wivu kidogo.

Alianza kukusanya vikombe. Jua lilikuwa bado halijazama, mwanga umeingia mpaka nusu ya chumba.

"Hodi!" sauti ya kike iliita nje.

Siwema aliangusha kikombe. Hakujua alivyofika mlangoni. Alijikuta tu ameshika komeo kwa mikono miwili, anahangaika kulifungua kama mtu anayechelewa, na jina liko tayari mdomoni.

Alikuwa Bi Kazija, jirani wa nyumba ya pili, amefuata sinia lake.

"Mbona unatweta hivyo, dada?" aliuliza Bi Kazija.

Siwema alimtazama. Akatazama na njia nyuma yake, mpaka pale inapokata kona.

"Ingia," alisema. "Nilioshe kwanza, ndipo nikupe."